Kunyoa si Kujinyoa

Siku yangu ya kwanza karakanani, mkerezaji, mchonga chuma kwa mashine, ambaye wote walimwita Spana alinitazama kidevu, akawageukia wenzake.

"Sasa huyu atajaribia wapi?"

Walicheka mpaka mmoja akaegemea jiliwa la kubania chuma. Karakana yetu inatengeneza vinyoleo, vile vya chuma ambavyo unafungua kichwa, unalaza wembe ndani, unakaza, unapaka uso povu la sabuni, ndipo unaanza kazi. Mimi nilikuwa msichana mwenye shahada mpya ya uhandisi wa mitambo, bahasha ya vyeti kwapani na kidevu laini kama yai. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Daktari wa meno ni lazima ang'olewe jino kwanza?" iliuliza sauti kutoka kwenye meza ya dirishani. "Mpeni binti kiti."

Huyo alikuwa Fundi Nukta. Jina lenyewe lilitokana na kauli yake ya kila siku: "Punguza nukta." Nukta kilikuwa kipimo chake mwenyewe, unene wa kipande cha karatasi ya gazeti. Alikuwa akikipenyeza kati ya makali ya wembe na ule ukingo wa chuma unaoilinda ngozi. Kikipita kwa kulegea, kinyoleo kilirudi kwa mkerezaji. Kikikwama, kilirudi vilevile. Siku moja, kwa ubishi wa chuoni, nilikipima kile kipande kwa kifaa changu cha kidijitali: sehemu saba za mia za milimita. Kisha nikapima vinyoleo ishirini alivyokwisha kuvipitisha. Havikupishana kwa kiasi ambacho kifaa changu kiliweza kukiona.

Nilirudisha kifaa mkobani, nikavuta kiti karibu na meza yake.

Alinifundisha mambo ambayo vitabu vyangu viliyapita mbio. Kwamba wembe ukilala bapa unatetemeka, na ukitetemeka haukati, unakwaruza. Kwa hiyo kifuniko lazima kiukunje kidogo, kama mtu anayeinamisha jani, mpaka utulie. Kwamba nukta moja ndiyo tofauti ya mtu anayekwenda kazini akipiga mluzi na mtu anayekwenda kazini na vipande vya karatasi vimemganda shingoni. Alijinyoa kila asubuhi, miaka arobaini, kwa kinyoleo alichokichonga mwenyewe. Mashavu yake yaling'aa. Wateja walimtazama uso kwanza, bidhaa baadaye.

Nilipotimiza miezi kumi pale, Fundi alipata kiharusi.

Kilimwachia akili na ulimi, ila mkono wa kulia ukabaki ukitikisika kama mtu anayepepeta, na wa kushoto haukuwahi kujifunza kazi ile. Nilimtembelea kila Jumamosi. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikawa kama kioo. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alinipokea mlangoni kwa kunong'ona, "Ingia mwanangu, leo kanuna."

Fundi alikuwa na ndevu. Nyeupe, zimejiotea ovyo, zimeshuka mpaka kwenye koo.

"Karakana inakungoja, Fundi," nilimwambia. "Daktari amesema utembee, ukae na watu. Tutakuja kukuchukua na kukurudisha."

"Niingie kwenye karakana ya vinyoleo na kichaka hiki?" Alijivuta ndevu kwa mkono wa kushoto. "Wateja wataniuliza hivyo vinyoleo tunawauzia kina nani. Siendi. Nitakuja siku nitakayokuwa na uso wangu."

Walikwisha kujaribu. Kinyozi wa mtaani alikuja na mashine ya umeme, akamwachia vipele shingo nzima. Mama akajaribu kwa kinyoleo cha Fundi mwenyewe, kilekile cha miaka arobaini, akamkata mara tatu chini ya taya. Alikuwa anameza vidonge vya kuzuia damu isigande, hivyo kila mkato ulichuruzika nusu saa. Mama alilia. Fundi akasema basi.

"Kinyoleo changu hakina kosa," alisisitiza siku ile. "Kosa ni la mkono wa mama yenu."

"Mkono huu huu?" Mama alitokeza kutoka jikoni, kitambaa begani. "Miezi mitatu unakulisha, umewahi kukukosa mdomo? Usinichokoze, mzee."

Nilicheka, lakini nilipokuwa narudi nyumbani sikuwa na kicheko. Kila Jumamosi nilimkuta ameketi mbali zaidi na dirisha. Nilijua kwamba asipopata uso wake, hatatoka tena mle ndani, na ujuzi wote ule utazeeka kwenye kiti cha plastiki.

Nikaamua kumtengenezea kinyoleo cha upole.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilipunguza nusu nukta kwenye upenyo, nikaongeza upana wa ukingo ili uivute ngozi kabla wembe haujafika, nikapiga mistari midogo juu yake ili povu lisitoroke. Spana alikereza vipande, mimi nikavisugua kwa msasa mpaka vidole vikaota malengelenge. Halafu nikawapa wanaume watano wa karakana wakijaribu kwa siku sita. Kila mmoja alijaza karatasi yangu: jina, siku, idadi ya mikato. Safu ya mikato ilijaa sifuri kutoka juu mpaka chini.

"Hiki hata ukiwa umelala usingizi hakikukati," alisema Spana akijipapasa shavu. "Injinia asiye na ndevu katushinda wote."

Jumamosi nilikwenda nikiwa nimejaa furaha kama mtoto anayepeleka ripoti nzuri nyumbani. Nilimwonyesha Fundi zile sifuri. Alizisoma moja moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakubali kufungwa taulo shingoni.

Mama alinyoa shavu la kulia, vizuri. La kushoto, vizuri. Alipofika chini ya taya nikaona bega lake limepanda, kiwiko kimetoka nje, na kabla sijasema neno, povu likawa jekundu. Akasogea upande wa pili. Tena.

Fundi alijifuta mwenyewe kwa taulo, polepole, mashavu yakiwa yamenyolewa na koo bado.

"Rudi nacho, binti," alisema. "Umefanya kazi safi. Mimi ndiye sinyoleki."

Hayo maneno yaliniumiza kuliko ambavyo ukali ungeniumiza. Nilikaa jikoni na Mama, akisuuza kinyoleo kwenye bakuli, na zile karatasi zangu zikiwa mezani. Nilizipitia upya kutafuta kosa. Ni nani aliyehesabu vibaya? Ni nani aliyeandika sifuri kwa kunifurahisha tu?

Mama alikausha mikono, akainama kusoma juu ya bega langu.

"Umeandika nini hapa juu?"

"'Aliyejinyoa,'" nikamsomea. "Ni kichwa cha safu tu, Mama. Jina la aliyejinyoa."

"Aliyejinyoa, aliyejinyoa, aliyejinyoa." Alishusha kidole safu nzima. "Lakini mwanangu, mimi sijinyoi. Mimi nanyoa."

Nilimtazama. Kisha nikaitazama ile silabi, *ji*, ikiwa imeketi katikati ya neno kwa mwandiko wangu mwenyewe. Wanaume watano, siku sita, majaribio thelathini, na sikumpa hata mmoja amnyoe mwenzake. Kwa miaka arobaini karakana yetu yote ilikuwa imechonga kifaa cha mtu aliyesimama mbele ya kioo chake.

"Mama," nikasema, "ungeninyoa mimi?"

"Una wazimu? Nikunyoe nini?"

"Povu tu. Toa wembe. Nataka kuona mkono wako."

Alicheka mpaka akajishika ubavu, lakini alinifunga taulo. Nikakaa kwenye kigoda, nikainua kidevu, na kwa mara ya kwanza maishani nikahisi brashi yenye povu la uvuguvugu usoni. Kutoka chumbani Fundi aliuliza kuna nini.

"Nanyoa yai!" Mama akamjibu.

Nikaona yote mle jikoni. Anayejinyoa mkono wake unatoka chini, kishikio kinaning'inia chenyewe, na ngozi yake inamwambia pale anapobonyeza mno. Anayemnyoa mwenzake anatoka mbele. Haambiwi na ngozi. Ana macho tu na vidole. Alipofika chini ya taya, kishikio kirefu kiligonga kifua changu, na ili kukikwepa ilimbidi ainue kiwiko, na kiwiko kikipanda, wembe unasimama wima kama jembe. Na kitu kingine, ambacho nilipokiona nilikaribia kulia: pale pagumu Mama alikuwa ameacha kishikio kabisa. Alikibana kile kichwa chenyewe kwa vidole vitatu. Kwenye kidole gumba chake palikuwa na alama za mikato midogo, mingine imepona, mingine ya asubuhi ile. Alikuwa anajikata ili asimkate.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Niseme nini? Nilidhani ndivyo kinavyoshikwa."

Nilimwomba anionyeshe angekishika vipi kama kingekuwa kimeumbwa kwa ajili yake tu. Hakufikiri hata kidogo. Alichukua kijiko kwenye sinia, akakileta mdomoni kwangu kama anavyomlisha mumewe, kifundo cha mkono kimelegea, kiwiko kimelala ubavuni. Nikachora mkono ule nyuma ya karatasi ya sifuri.

Jumatatu nilimpelekea Spana mchoro: kishikio kifupi, kinene, chenye shingo iliyopinda, ili ukikishika kama kijiko wembe uje wenyewe kwenye pembe yake. Juu ya kichwa, mahali pa kidole cha shahada, kijishimo chenye mistari ili mkono uhisi kile ambacho ngozi ya mtu mwingine haiwezi kuuambia. Na ncha zote za wembe zimefunikwa.

"Hiki kimepinda," Spana alisema.

"Ndiyo."

"Miaka yote Nukta ananigombeza nikipindisha, leo unaniambia nipindishe?"

"Kipinde kwa makusudi, kaka."

Alinung'unika, akawasha mashine. Cha kwanza kilipinda mno. Cha pili kilikuwa kizito kichwani, kikawa kinadondoka mkononi. Kila kimoja tulikijaribu kwa namna mpya: Spana anamnyoa fundi wa rangi, fundi wa rangi anamnyoa mlinzi, wakitukanana na kushikana videvu, wakiogopana kuliko walivyowahi kuogopa mashine. Ni ajabu jinsi mtu anavyokuwa mwangalifu akiwa na shingo ya mwenzake mkononi. Sikujua kwamba wanaume wale walikuwa na mikono ya upole namna ile. Cha tano kilitulia. Juu ya safu za karatasi mpya niliandika maneno mawili: Aliyenyoa, Aliyenyolewa.

Jumamosi Fundi hakutaka. Alinitazama, akatazama kile kitu kilichopinda, akasema kinafanana na bomba la karo la jikoni.

"Kaa hapo," Mama alisema. "Miaka arobaini umejinyoa mwenyewe, na mimi nipe zamu yangu."

Akaketi. Nilisimama ukutani, mikono nyuma, nikahesabu pumzi zangu. Mama alipaka povu, akalainisha, akapaka tena. Shavu la kulia. Shavu la kushoto. Chumba kikawa na sauti moja tu, ile sauti kavu ya nywele ngumu zikikatika chini ya makali, mfululizo, bila kukwama. Kiwiko chake kilikuwa kimelala ubavuni. Alimwinua kidevu kwa kidole kimoja, akashuka chini ya taya kwa hatua fupi fupi, akapangusa, akashuka tena, upande wa pili, mpaka kwenye koo. Povu lilibaki jeupe.

Alipomfuta kwa taulo yenye maji ya moto, uso niliokuwa nikiufahamu ulitokeza kipande kwa kipande, mwembamba kuliko zamani, lakini ndio wenyewe. Mama alirudi nyuma hatua moja kumtazama. Alikuwa anatabasamu kama msichana.

Fundi alipandisha mkono wa kushoto, akajipapasa kutoka sikio mpaka sikio. Alirudia. Kisha akaunyoosha kwangu.

"Lete hicho."

Nikampa. Akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ile shingo iliyopinda, kikarudi nyuma, kikasimama mahali pamoja.

"Hapa pana tumbo. Nusu nukta. Nani alikereza?"

"Spana, Fundi."

"Nilijua." Alivuta hewa, akajisukuma kwa mkono wa kiti, Mama akamdaka kwapa. "Tena kishimo cha kidole kingesogea mbele kidogo. Mama, mkono wako mdogo, si ulikuwa unakitafuta?"

"Kidogo," Mama alikiri.

"Umeona? Watavikereza mia vikiwa na kosa hilohilo." Alikuwa amesimama sasa. "Viatu vyangu viko wapi?"

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Kazini. Karakana Jumamosi inafungwa saa nane, tuna muda." Akanigeukia. "Na wewe binti, usisimame tu hapo kama nguzo. Niongoze upande wa kulia, huo mkono mwingine ni wa kubeba kinyoleo."

Mama alikuwa ameshapiga magoti, anafunga kamba za viatu.

"Subiri basi nikufute povu sikioni," alisema, "usije ukaniaibisha huko."