Pikipiki Nyekundu ya Godwin

Pikipiki ya Godwin ilivushwa mto Songwe kwa mtumbwi kutoka Malawi, na tangu ifike Bujonde haikuwahi kufungwa namba. Kadi ya usajili hakuwa nayo. Aliiendesha kwenye njia za mashambani, katikati ya kokoa na mpunga, mbali na askari.

Kaka yake, Anyosisye, alipoiazima kwenda Mwaya kumwona mgonjwa, Godwin alimwonya jambo moja tu.

"Kaka, barabara kubwa usiiguse. Pita juu ya tuta la mto."

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na tuta lilikuwa tope tupu. Anyosisye hakurudi. Simu yake haikupatikana.

Asubuhi iliyofuata, kwenye kituo cha kuuzia kokoa, watu walikuwa wakisimuliana: pikipiki nyekundu isiyo na namba imekutwa chini ya tuta. Mwendeshaji yuko hospitali, uso umevimba hatambuliki, wala haongei. Polisi wanamtafuta mwenye pikipiki.

Godwin alirudi nyumbani akamweleza mkewe, Beatrice, kwa sauti ya chini.

"Sasa umekaa unangoja nini?" Beatrice aliuliza.

"Nikijitokeza wataniuliza kadi. Watanifunga, Mama Mary. Pengine si yeye."

"Ni nani mwingine?"

"Tusubiri kidogo, mambo yapoe."

Alishinda hapo hapo uani. Alishika jembe, akaliweka. Mama yake alipopita kuuliza kama Anyosisye amerudi, alimjibu kwamba huenda amelala huko huko kwa mgonjwa. Beatrice alimsikia, na tangu hapo hakumsemesha tena. Kulipokucha alijifunga kitenge akaenda hospitali peke yake.

Nesi Georgina, mgeni aliyehamishiwa Kyela kutoka Bukoba, alimpokea mlangoni mwa wodi alipomuulizia majeruhi wa pikipiki.

"Wewe ni nani yake?"

"Shemeji yake."

"Pole sana, dada. Ametutoka alfajiri hii."

Beatrice aliketi sakafuni.

"Jana alizinduka kidogo," nesi alisema, akichuchumaa karibu naye. "Akawa anamwita Godwin. Tukamuuliza, Godwin wa wapi? Akashindwa kujibu. Kitambulisho hana, pikipiki haina namba. Hatukujua tumtafute nani."

Askari aliyekuwa kwenye benchi alisogea.

"Mama, ile pikipiki ni ya nani?"

Beatrice alijifuta uso kwa pembe ya kitenge.

"Ya mume wangu," alisema. "Yuko nyumbani."

Yeye na askari walimkuta Godwin ameketi nje, amevaa viatu. Hakukimbia. Alimtazama mkewe tu, akauliza, "Ni yeye?"

"Amefariki. Jana alikuwa anakuita."

Godwin aliinuka, akamfuata askari.

Polisi walimruhusu azike kwanza. Makaburini mama yake alipokea pole za kila mtu. Godwin aliponyoosha mkono, mama aliutazama, akaikaza khanga yake mabegani, akaligeukia jeneza.