Sentensi Aliyoiruka Mzee Mbise

Skolastika Swai alijua kwamba mzee Abdiel Mbise ameruka sentensi. Mama yake alizaliwa Machame, na mtu aliyelelewa kwa Kimachame akisikia Kimeru, lugha ndugu, hakosi la kuambulia. Lakini hilo hakuwa amemwambia mtu. Kwa wakulima thelathini na mbili waliokaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa usharika wa kanisa, huko juu ya Makumira, yeye alikuwa mama wa mjini, anayengoja kutafsiriwa.

Ilikuwa Jumatano, siku ya pili ya warsha ya mirathi na wosia. Kwa miaka kumi na moja Skolastika alikuwa ameendesha warsha za namna hiyo peke yake, au na wasaidizi waliobandika karatasi ukutani na kugawa kalamu. Safari hii Evelyn, mratibu wao pale ofisini Kijenge, alimpa mwenzake wa ngazi moja naye: mzee Mbise, wa miaka sitini na tatu, bwana shamba mstaafu, mzaliwa wa mteremko huohuo, ambaye hakuna kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, asichowahi kuingia kukagua kahawa. Evelyn aliwaomba wakae siku nzima wapange kazi pamoja. Walikaa dakika ishirini. Skolastika alimkabidhi ratiba iliyokwisha kuchapwa, mzee akaikunja mara mbili akaitia mfukoni bila kuisoma. Tangu Jumanne alikuwa akijibu maswali aliyoulizwa Skolastika, na kumwita "binti yangu" mbele ya watu. Skolastika naye alikuwa akimkatiza kwa kutazama saa.

Aliyekuwa anazungumza asubuhi hiyo ni Lydia, mjane wa miaka kama arobaini, ambaye pale kijijini wanamwita Mama Anneth kwa jina la binti yake. Alisema kwa Kimeru, taratibu, akiangalia sakafu. Skolastika aliyashika maneno yake karibu yote: kwamba shemeji yake, Eliud, aliyang'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyopandwa na marehemu mumewe, akakata mibuni ya safu ya kwanza, na kumwambia kuwa akiendelea kuhudhuria mikutano ya wanawake atatafuta pa kulala.

Mzee Mbise alikohoa. "Mama anasema kuna tatizo dogo la mpaka," alitafsiri, "na anashukuru kwa elimu hii."

Damu ilimpanda Skolastika kichwani. Alisimama katikati ya ukumbi, akaomba radhi kwa mzee kwa sauti ya upole isiyokuwa na upole wowote, kisha akamgeukia mjane. "Mama Anneth, naomba uturudie kwa Kiswahili. Yote."

Lydia alimtazama mzee Mbise kama anayeomba ruhusa, akakuta mzee ameinamisha uso. Basi akarudia kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, na jina la Eliud akalitaja. Kwenye benchi la karibu na mlango mwanamume mnene aliyevaa koti la kijivu alifunga daftari, akachukua kofia yake na kutoka bila kusema neno. Ndipo Skolastika alipomtambua kuwa ni yule mzee wa kanisa aliyewafungulia warsha kwa sala siku iliyotangulia, na akaelewa kwamba Eliud ndiye huyo. Watu hawakumtazama Eliud akitoka. Walimtazama Skolastika.

Wakati wa chai wawili hao walikutana nyuma ya ukumbi, kando ya tangi la maji.

"Kumbe Kimeru unasikia," mzee Mbise alisema.

"Nasikia cha kutosha."

"Na hukuniambia."

"Na wewe mzee hukuniambia kwamba unachagua cha kunifikishia."

Mzee alisema alikuwa amepanga kumweleza pembeni, wakiwa wawili, jinsi mambo yalivyo. Skolastika akajibu kwamba kazi ya mwezeshaji si kuwakata wanawake ulimi. Alilisema hilo kwa shikamoo zake zote zikiwa zimeyeyuka. Mzee aliweka kikombe juu ya tofali, polepole.

"Mlango wa Eliud na mlango wa yule mama ni hatua arobaini," alisema. "Wewe saa kumi unarudi Kijenge."

Siku ile waliimaliza kama warsha mbili chini ya paa moja. Wanaume walipeleka maswali kwa mzee, kwa Kimeru. Wanawake walimfuata Skolastika. Na kila mmoja alipoanza kuongea, upande wa pili walinong'ona. Lydia alikaa peke yake kwenye benchi lake hadi mwisho, mkoba mapajani. Akiwa njiani kurudi mjini Skolastika alimpigia Evelyn na kumwambia kwamba kesho hataki kumwona yule mzee. Evelyn alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno, halafu akamuuliza swali moja tu: huyo mama yuko wapi sasa hivi? Skolastika hakujua. Usiku ule hakula.

Alhamisi alifika ukumbini saa moja asubuhi na kumkuta mzee Mbise ameshafika, amesimama mlangoni na viatu vyenye tope hadi kwenye fundo la mguu. Alikuwa ametoka kupanda kilimani. Nyumba ya Lydia ilikuwa imetiwa kufuli jipya. Mama na binti walikuwa wamelala jikoni kwa jirani.

Skolastika akatoa simu, akasema anawapigia polisi. Mzee alimzuia: angekwenda yeye mwenyewe kwa Eliud, peke yake, wayaongee kama watu wanaoketi kanisa moja. Skolastika akakataa. Mzee naye akakataa polisi. Washiriki walikuwa wanaanza kuingia, wawili wawili, na kila aliyepita alipunguza mwendo ili asikie.

"Kwa nini unamlinda?" Skolastika aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Mzee Mbise aliwangoja watu wapite. Alipozungumza hakumtazama. Alisema baba yao alipofariki, kihamba chote alikichukua yeye, na dada zake wawili hawakupata hata mgomba. Kikao cha ukoo kilichopitisha jambo lile kilikuwa na mashahidi, na Eliud alikuwa mmoja wao. "Nikimgusa, ataniumbua. Jana niliogopa kwa ajili ya yule mama, ndiyo. Lakini niliogopa na kwa ajili yangu."

Skolastika angeweza kummaliza hapohapo. Maneno alikuwa nayo, tena makali. Lakini tangu Evelyn amuulize lile swali kulikuwa na jambo lililomkaa kooni, akaona afadhali alitoe.

"Na mimi jana sikumsimamisha Mama Anneth kwa ajili yake," alisema. "Nilikuwa nakusuta wewe. Yeye nilimfanya fimbo."

Mzee akatoa mfukoni ile ratiba iliyokunjwa, akaigeuza upande usioandikwa na kuomba kalamu. Kwa mara ya kwanza walipanga. Haikuwa kwa maelewano matamu. Walibishana kila mstari. Washiriki wataachiwa kazi ya kuchora vihamba vyao na kuandika nani atarithi nini, chini ya katibu wa usharika. Wao wawili watakwenda pamoja, na mwenyekiti wa kitongoji. Kwa Eliud mzee ndiye atakayeanza, kwa kuwa neno la mgeni lingempa sababu ya kufoka. Skolastika hatasema chochote mpaka mzee amgeukie. Na lolote litakalosemwa kwa Kimeru litatafsiriwa lote, ili mwenyekiti, ambaye alihamia pale kutoka mkoa wa mbali, asije akasema hakuelewa. Hilo la mwisho lilikuwa la Skolastika, na mzee alilifikiria muda mrefu kabla hajaliandika. La kwanza kabisa lilikuwa la mzee: kabla ya yote, waende wakamuulize Lydia anataka nini. Skolastika aliona aibu kwamba halikutoka kwake.

Walimkuta jikoni kwa jirani akimenya ndizi, macho yamevimba. Anneth, msichana wa kidato cha pili, alikuwa amekaa juu ya gunia na sare zake za shule. Lydia alisema leo polisi hawataki. Anataka mlango wake ufunguliwe mchana, watu wakiona, na habari ya mpaka iandikwe na mwenyekiti kwa mkono wake. Alipomaliza aliweka kisu chini.

"Na nyinyi mkienda, mwende na neno moja," aliwaambia. "Jana nilipoona mnavutana, nilijua nimebaki peke yangu."

Eliud alikuwa uani kwake akiwakatia ng'ombe majani, panga mkononi. Hakuliweka chini walipobisha hodi. Majirani walikuwa wameanza kusimama kwenye ua wa miti, mmoja mmoja. Mzee Mbise alimsalimu, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akataja kufuli. Alilitaja bila kuzungusha.

Eliud alijibu kwa Kimeru. Hakupandisha sauti. Alisema anashangaa kuona mtu aliyekula haki ya dada zake amekuja kumfundisha mwenzake habari za wajane. Kwamba yeye, Eliud, alikuwepo, na bado anakumbuka jinsi yule dada mdogo alivyolia. Akauliza kama watu wa warsha wanalijua hilo.

Skolastika alielewa kila neno, na ulimi ulikuwa unamwasha. Sheria alikuwa nayo kichwani, vifungu vyake vimepangana, na angeweza kumzima yule bwana kwa pumzi moja. Alikaza vidole kwenye mkanda wa mkoba wake. Walikubaliana angoje. Alingoja, na panga la Eliud likadondosha maji ya majani juu ya kiatu chake mwenyewe, na bado mzee hakusema kitu.

Hatimaye mzee akamgeukia mwenyekiti. "Anasema mimi niliwanyima dada zangu ardhi ya baba," alitafsiri, kwa sauti ambayo hata waliosimama kwenye ua wa miti waliisikia. "Anasema alikuwa shahidi, na kwamba dada yangu mdogo alilia. Ni kweli. Ilikuwa hivyo." Akamgeukia Eliud. "Sasa nataka tuzungumze la kufuli."

Halafu akamtazama Skolastika.

Skolastika alisema kwa kifupi kuliko alivyowahi kusema katika kazi yake. Kwamba hakuna baraza lililoamuru mlango ule ufungwe. Kwamba mwenyekiti yuko hapa na kitabu chake, na ataandika saa, siku na majina ya walioshuhudia. Kwamba Eliud akifungua sasa, mwenyekiti ataandika kuwa ulifunguliwa. Hakutaja dhambi wala kanisa. Mzee alirudia yote kwa Kimeru kwa ajili ya majirani, na hakuongeza wala kupunguza.

Eliud alichomeka panga kwenye shina la mgomba. Alisema ufunguo atautoa, lakini mpaka ni suala la ukoo na hatasogea hata unyayo. Akampa ufunguo mwenyekiti, siyo mzee, akawapa mgongo. Lydia aliingia nyumbani kwake watu wakiona. Hakumshukuru mtu. Alifungua madirisha yote, moja baada ya jingine, na Anneth akabeba ndoo kwenda bombani.

Waliporudi ukumbini ilikaribia saa saba na washiriki kumi na mmoja walikuwa wameondoka. Waliobaki walikuwa wameshajaza karatasi zao michoro ya vihamba. Habari ilikuwa imefika kabla yao, na mzee mmoja akamuuliza Mbise, mbele ya wote, kama kweli amekiri. Mbise akasema ndiyo. Ukumbi ulichafuka kwa minong'ono, na saa mbili zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zote za siku tatu zile, lakini waliziendesha wakiwa wamesimama bega kwa bega, mmoja akichoka mwenzake anapokea.

Shauri la mpaka lilikaa kwenye baraza la ardhi la kata miezi mitano. Lydia alirudishiwa eneo lake, ila ile mibuni ilikuwa imekwisha kufa. Eliud hakumsalimu mzee Mbise tena, hata kanisani. Mzee aliwaita dada zake wote wawili. Mkubwa alikuja wakapima sehemu yake kwa kamba, mdogo alituma ujumbe kwamba hataki kitu chake.

Warsha iliyofuata ilipangwa Sokon I. Siku mbili kabla, Skolastika na mzee walikaa ofisini Kijenge tangu asubuhi, wakipitia maswali yote moja moja. Mzee alitaka swali la saba, la kumtaka mshiriki amtaje ndugu aliyemnyima urithi, liondolewe, akasema litamweka mtu hatarini. Skolastika akasema swali la saba ndilo warsha yenyewe. Evelyn alipochungulia mlangoni saa nane, hakuna hata mmoja aliyenyanyua kichwa, na chakula chao kilikuwa kimepoa mezani.