Mrushaji wa Kutunzwa

Mfupa wa mkono wangu ulipokatika, watu wa safu ya mwisho kabisa waliusikia. Mimi sikuusikia. Nilichosikia mimi ni ukimya. Uwanja mzima wa Duluth, maelfu ya watu waliokuwa wakituzomea tangu mchana, ulinyamaza kwa mpigo mmoja, nikajiuliza, hivi hawa wamepatwa na nini? Nikautazama mpira. Ulikuwa ukibingirika peke yake kuelekea ukutani, mbali na mdakaji wetu. Kisha nikautazama mkono wangu wa kulia, na masalale! Kiwiko kilikuwa kimegeukia upande ambao kiwiko cha binadamu hakigeukii.

Maumivu yalikuwa bado hayajafika. Yalikuwa njiani.

Watu huniuliza mpaka leo, kwa kinyozi, kwenye foleni ya petroli, hata kanisani: "Stubbs, hivi timu ya besiboli inamwagaje mamilioni kwa warushaji wa akiba? Si kupoteza pesa huko?" Wananiangalia wakisubiri niseme ndiyo, ni upuuzi mtupu. Nawajibu wanunue tu, wanunue hata kumi wakitaka. Halafu nafunga mdomo, maana nikiendelea hasira hunipanda, na daktari amenikanya mambo ya hasira.

Mimi nilikuwa mrushaji wa akiba maisha yangu yote. Yule anayeanza mchezo ndiye mwenye picha kwenye mabango. Akichoka, au akianza kupigwa, sisi huitwa kutoka kwenye banda letu nyuma ya uzio, tukauzime moto ambao hatukuuwasha. Zamani hakuna aliyetununua kwa bei ya maana. Tulikuwa spea. Ukichakaa unatupwa, inafungwa nyingine.

Ndiyo maana Wahunzi wa Dayton, timu yetu, walipomsajili Yancy Prewitt kwa dola milioni sitini, mji mzima ulishika kichwa. Milioni sitini, kwa mtu anayerusha robo saa kwa siku, tena si kila siku! Nami nilishika kichwa, nisiseme uongo. Alipoingia bandani mara ya kwanza tulikuwa tumeshampa jina.

"Benki, leo mnafungua saa ngapi?" nikamchokoza.

"Kwako wewe Babu, hata Jumapili," akanijibu bila kucheka. "Ila mkopo hupati."

Nilitaka nimchukie, nikashindwa. Kipya kinyemi, ningesema, lakini huyu hakuwa kinyemi cha upya tu. Mpira ukitoka mkononi mwake ulikuwa unalia. Baada ya kazi alikaa kwenye benchi akitafuna mbegu za alizeti na kuniuliza habari za wapigaji wa zamani, kwa adabu, kana kwamba mimi ndiye niliyelipwa milioni sitini.

Kazi yake ilikuwa kufunga mlango. Ndivyo tunavyoita: timu ikiwa inaongoza, imebaki awamu ya tisa tu, ya mwisho, anaingia mkali wenu anaumaliza mchezo. Kocha wetu, Burl Hagan, aliishika desturi hiyo kuliko mchungaji anavyoishika Biblia. Hatuongozi? Basi Yancy hagusi mpira. Alimweka kama mama anavyoweka vikombe vya wageni kabatini, na sisi wengine tukanywea vya bati.

Mke wangu, Corliss, alikuwa ameniambia mapema, jikoni kwetu, siku niliyofunga begi kwa msimu ule: "Leland, hii ndiyo mara ya mwisho. Na mkono huo unirudishie mzima. Nimemwona baba yako." Baba yangu alirusha miaka tisa. Sasa hawezi kuinua mkono juu ya bega, na akipata mgeni anajifanya hapendi kusalimiana. Nikamwapia Corliss kwamba mkono utarudi mzima. Sikutaka kitu kingine, si pete ya ubingwa, si sifa. Nilitaka niumalize msimu, niurudishe mkono nyumbani.

Basi ikaja Oktoba, mechi moja ya kufa na kupona, huko kwao Duluth, baridi inakata masikio mchana kweupe. Awamu tisa zikaisha tukiwa sare. Sheria yetu haina sare: mnaendelea mpaka mmoja aanguke. Na wenyeji ndio wanaopiga mwisho, kwa hiyo wakipata pointi moja tu katika zamu yao, mchezo umekwisha, msimu umekwisha, kila mtu kwao.

Mimi nilikuwa nimerusha jana yake na juzi yake. Juu ya kiwiko, ndani kabisa, kulikuwa na maumivu ambayo hayakuwa yale niliyoyazoea. Yale ya zamani yalikuwa yakipasha moto. Haya yalikuwa baridi.

Sikumwambia mtu. Kule bandani hakuna asemaye anaumwa. Simu ikilia na kocha akauliza, "Fulani vipi?", jibu ni moja: yuko tayari. Ukijibu vingine, kesho kabati lako lina jina la mtu mwingine. Tunajua ni ujinga, na tumeurithi ujinga huo kwa baba zetu na tunautunza vizuri sana.

Simu ikalia. Akaipokea Orrin, kocha mdogo wa banda, mzee mwenye sauti ya kukwaruza.

"Stubbs?" akasema, akinitazama. "Burl, sikiliza. Stubbs karusha siku mbili mfululizo. Ninaye Benki hapa, kashapasha, anatoa moshi. Nikupe Benki."

Hatukusikia alichojibiwa, ila tuliona shingo ya Orrin inakuwa nyekundu. Yancy akaruka kutoka kwenye benchi akampokonya simu, jambo ambalo sijawahi kuliona tena maishani.

"Kocha, niingize mimi. Naomba. Niko tayari saa nzima sasa."

Safari hii Burl alipaza sauti, tukasikia wote. "Wewe mwanangu ni wa kufunga mlango. Mlango bado. Tukiongoza tu, nakuita."

"Na tusipoongoza?"

Simu ilikuwa imeshakatwa. Yancy akaishika vile vile sikioni, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa kofi na mjomba wake mbele ya watu. Kisha akanigeukia.

"Babu, sema mkono unauma. Sema tu. Nakuona unavyoushika."

"Mkono wa nani hauumi Oktoba?" nikamwambia. "Kaa chini, utachafua suti ya benki."

Hakucheka. Nikafungua geti la uzio nikaenda.

Nilimtoa mpigaji wa kwanza. Wa pili akapata kituo cha kwanza kwa bahati, mpira umegonga jiwe, sijui. Wa tatu akajitoa mhanga kwa kuugusa mpira kidogo tu, tukamtoa, lakini yule mwenzake akasogea mpaka kituo cha pili, na mdakaji wetu akaukosa mpira uliofuata, jamaa yuko kituo cha tatu. Hatua chache kutoka nyumbani, kituo cha mwisho, mahali pointi inapopatikana. Nikimtoa huyu mpigaji mmoja, wa tatu kutolewa, tumepona, tunarudi kupiga sisi.

Nikageuka nikatazama bandani. Yancy alikuwa amesimama kwenye uzio, vidole vyote kumi vimepita kwenye waya. Jaketi lilikuwa bado mwilini.

Kamba hukatikia pabovu. Nikarusha.

Mengine mmeshayasikia. Ulikuwa mlio, waliniambia, wa mtu anayevunja mpini wa ufagio gotini. Yule wa kituo cha tatu akakimbia nyumbani, pointi ikahesabiwa, wameshinda. Wenzake wakatoka kwenye benchi wakirukaruka kumkumbatia, kisha mmoja akaniona, akamvuta mwenzake, na wote wakasimama pale katikati, mikono bado hewani, hawajui waishushe vipi. Hapo ndipo maumivu yalipowasili, nami nikakaa chini kwenye kichuguu cha kurushia nikapiga yowe ambalo sikujua kwamba ninalo.

Wa kwanza kunifikia hakuwa daktari. Alikuwa Yancy, na banda liko mbali kuliko benchi. Akapiga magoti, akauchukua ule mkono wangu kwa mikono yake miwili, taratibu, kama unavyompokea mtoto mchanga, akauzuia usining'inie. Alikuwa akilia waziwazi mbele ya uwanja mzima.

"Nilikuwa nimekaa," akawa anarudia. "Babu, nilikuwa nimekaa tu."

Corliss alifika hospitalini asubuhi. Alivua koti, akavuta kiti, akakaa upande wa mkono ule ambao bado ulikuwa mzima.

Burl Hagan akaja mchana, kofia mkononi, macho yamevimba. Kumbe naye hakulala. Nilikuwa nimemwandalia matusi, nimeyapanga vizuri, mengine nilijifunza kwa babu yangu mgodini West Virginia. Akasimama miguuni pa kitanda, akaanza yeye.

"Leland, nimetoka kwa tajiri mwenye timu sasa hivi. Nimemwambia ukweli wote, bila kumficha. Nimemwambia, ningekuwa na wawili wa namna ya Yancy, haya yasingemkuta Stubbs. Ametingisha kichwa, ameelewa. Msimu ujao ananunua mwingine."

Matusi yote yakanitoka kichwani. Nimevunjika mfupa, nimepoteza kazi, nimemvunjia mke wangu kiapo, na katika yote hayo sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka pale.

Corliss ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, ya upole kabisa.

"Na huyu mmoja, shemeji, ulimfanyia nini?"

Burl akamtazama. Hakukasirika, wala hakuona haya. Alikunja uso kama mtu anayetafuta mtego katika swali jepesi, akaukosa.

"Nilikuwa namtunza," akasema.

Corliss akatingisha kichwa. Kisha akanigeukia, akaanza kunifunga vifungo vya shati, kuanzia chini, twende nyumbani.