Kiputo Ndani ya Gundi

Kosa ukililea huota meno, na la Mama Gundi lilianza dogo kama kichwa cha sindano.

Pale maabara alifanya kazi na wifi yake. Wifi alisugua vipande virefu vya plastiki hadi ving'ae kama maji. Mama Gundi aligandisha jicho la umeme kwa gundi kwenye ncha ya kila kipande. Chembe isiyoonekana ikipita ndani ya plastiki huzaa mmweko wa mwanga, na jicho huandika imepita lini, kwa sekunde iliyokatwa vipande bilioni.

"Kitendawili," wifi alizoea kusema, mkono haupumziki.

"Tega."

"Wajumbe elfu mlango mmoja, husikilizwa waliotangulia."

"Mwanga. Hicho nacho kimechakaa kuliko viatu vyako."

"Viatu kaninunulia kaka yangu. Mseme mumeo."

Siku moja Mama Gundi alikuwa na haraka. Alibana jicho la umeme kwenye plastiki, akaona kiputo cha hewa kimebaki katikati ya gundi. Nani atakiona? Akaviringisha karatasi nyeusi juu yake, akaenda zake.

Kwenye majaribio kipande kile kikawa kinabahatisha. Kiputo kilizuia mwanga, wajumbe wakafika wachache, saa ikayumba. Mkuu wa maabara akadhani plastiki imekwaruzwa, akauliza nani alikisugua.

"Mikono imechoka, mama," alimwambia wifi, akamhamishia stoo. Mama Gundi alikuwa amesimama palepale, ulimi umeganda kuliko gundi yake.

Ikapita miaka mitatu. Akaambiwa abadilishe jicho la kipande kile. Alipolibandua, kiputo kilikuwa kimeacha alama ya mviringo. Kitambaa chenye spiriti kilikuwa mkononi. Kufuta mara moja tu, basi. Hakufuta. Alimwonyesha mkuu, kisha akakibeba kipande hadi stoo.

"Ni mimi, wifi. Wewe hukukwaruza kitu."

Wifi aliipitishia kidole ile alama.

"Miaka mitatu," alisema, "nimekataa kumkata mjukuu kucha. Nikiogopa nitamwumiza."

"Nisamehe."

"Kaka yangu anajua?"

"Bado."

"Basi leo utamwambia mwenyewe, na mimi nikiwa nimekaa kitako."

Jumatatu wifi alirudishwa mezani. Plastiki ilitoka safi, haina hata uzi wa mkwaruzo. Lakini vitendawili hakutega. Kila baada ya kusugua kidogo alikiinua kipande dirishani.

"Wifi, hebu tazama. Nimekwaruza?"

"Hujakwaruza."

Kabla ya saa nne Mama Gundi alikuwa amejibu hivyo mara tisa, na kila mara wifi alikitazama tena mwenyewe.