Nukta Isiyo na Mshale

Siamini miujiza, na mantiki ya ulazima na uwezekano haijanipa sababu ya kuanza. Sisi huchora nukta ubaoni: kila nukta ni ulimwengu. Mshale ukitoka nukta hii kwenda ile, ulimwengu huu unauona ule. Jambo ni la lazima likiwa kweli katika kila ulimwengu unaoonekana. Linawezekana likiwa kweli walau katika mmoja. Basi. Watu wamezeekea humo.

Asubuhi hiyo mtahiniwa alikuwa akitetea tasnifu ya uzamivu, kazi ya miaka sita. Mimi nilikuwa katibu wa jopo. Mama yake alikaa nyuma, mkoba magotini. Tasnifu iliegemea uthibitisho wa msimamizi wake, Profesa, ambao kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuudai kitambulisho.

Mtahini wa nje, ambaye wanafunzi humwita Msumeno, aliinuka akachora nukta moja ubaoni, chini ya kanuni ya Profesa.

"Mshale uko wapi?" Profesa akauliza.

"Haupo. Ukurasa wa nane wa uthibitisho wako umesema lililo la lazima huwezekana. Hapa je?"

Profesa alifumba macho. Katika ulimwengu usiouona mwingine wowote, kila jambo ni la lazima, hata uongo, kwa kuwa hakuna pa kulikanushia. Wala hakuna linalowezekana. Nimelifundisha hilo kila mwaka kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Sasa nililitazama tone lile la chaki na nywele zikanisimama.

"Uthibitisho umeanguka," Msumeno alisema. "Na aliyebebwa mgongoni huanguka na mbebaji. Binti, tasnifu yako ina miguu yake?"

"Mwanangu, pumua," mama alisema.

"Mama, wageni hawaruhusiwi kuzungumza," Msumeno alisema.

"Nazungumza na wa kwangu. Wewe shughulika na kidoa chako."

Binti alisimama mbele ya ubao dakika nne. Nimeziandika kwenye kumbukumbu. Kisha akageuka.

"Mzee, nadharia yangu inaanza na maneno gani?"

Msumeno akasoma: "'Ikiwa kuna jambo linalowezekana hapa…'"

"Kwenye nukta yako lipo?"

"Halipo."

"Basi haijakugusa. Na palipo na linalowezekana, lazima mshale utoke. Ufuate: mwishoni mwake utakuta kila lililo la lazima ni kweli. Sihitaji ukurasa wa nane."

Akaandika mistari sita mahali pa kurasa kumi na moja za Profesa. Msumeno aliikagua mara mbili, akaketi. Profesa alichukua kifutio, akaifuta kanuni yake kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama mtu afunikaye maiti. Nadharia ilibaki peke yake ubaoni, haina wa kuishikilia, na haikutikisika.

Jopo lilipomaliza kupiga kura, mama alinishika mkono mlangoni.

"Mwalimu, vipi?"

"Nadharia yake ni kweli katika malimwengu yote."

"Hayo mengine wenyewe watajua. Katika hili letu?"

"Amefaulu, mama."