Maneno ya Kwenye Maboksi

Muuguzi aliingia kibandani akichechemea, akamwamkia fundi viatu, kisha akajitupa kwenye stuli bila kungoja kukaribishwa.

"Fundi, nimekutafuta miezi saba," alisema. "Nimekusaka kwenye simu mpaka vidole vimeota sugu."

Uso wa fundi ukachanua. "Kumbe umetuona kwenye tovuti. Ni kazi ya binti yangu huyu hapa, msomi wa maneno."

Binti huyo alikuwa akipanga nyuzi kwenye droo. Baba alimwita Kamusi tangu alipohitimu stashahada ya lugha, naye jina hilo alilivaa kama mkufu.

"Tovuti gani?" muuguzi alishangaa. "Mimi nimekiona kiatu chako chini ya kitanda cha mgonjwa wodini. Soli moja imeinuliwa, kazi safi, nikamuuliza mwenyewe nani kakishona. Mtandaoni hamumo."

"Tumo," alisema fundi. "Kamusi, mwonyeshe dada yako."

Kamusi alizidi kuinamia droo.

Baba yake hakushona viatu vya kila mtu. Alishona vya mwenye mguu mmoja mfupi, vya mwenye unyayo uliopinda, vya yule ambaye dukani huambiwa ajaribu kwingine. Barabara ilipopanuliwa, kibanda kilisukumwa nyuma ya gereji, na wateja wakapotea. Ndipo Kamusi alipojitokeza kifua mbele. "Nipe wiki moja tu, baba. Simu yako itaomba likizo."

Tangu hapo baba aliichaji simu kila asubuhi, akailaza juu ya meza ya kazi, na akawa anapiga nyundo taratibu ili asikose mlio wake. Ililia mara chache, na waliopiga walikuwa wamekosea namba. Wiki iliyopita alimuuliza binti yake, kwa unyonge, kama tovuti ina tatizo.

"Haina tatizo, baba. Watu ndio hawatafuti tena kazi kama yako."

Alilisema hilo bila kupepesa macho. Baba aliitikia kwa kichwa, halafu akampigia fundi mwenzake wa upande wa pili wa mji aje achukue kalibu, zile nyayo za mbao anazoshonea viatu, alizozichonga mwenyewe kwa miaka ishirini. Aje Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano.

"Hebu tazameni," muuguzi alisema, akawaonyesha kioo cha simu yake. "Naandika: viatu vya mguu mmoja mfupi. Naletewa viatu vya harusi. Naandika: fundi wa kuinua soli. Kimya. Nikiandika: kiatu cha mtu anayechechemea, naletewa dawa ya magoti. Sasa ninyi mmejiandikaje?"

Kamusi alijua walivyojiandika. Alipoijenga tovuti, alitakiwa aweke maneno ambayo mtu angeandika akimtafuta baba yake. Aliweka "visaidizi vya ulinganifu wa mwendo" na "ufundi wa pabuti tiba", akajipongeza. Mfupi, kuchechemea, kupinda: hayo aliyaona maneno ya mtaani. Tena ndiyo aliyozomewa nayo shuleni, mtoto wa fundi wa vilema. Chuoni aliwaambia wenzake kwamba baba yake yuko kwenye vifaa tiba.

"Mtandao unasumbua leo, dada," alisema.

Muuguzi aliitazama simu yake, akamtazama Kamusi, akaizima.

Fundi alikata kipande cha boksi, akauweka mguu wa mgeni juu yake na kuuchora pembeni kwa penseli. Alikuwa na utaratibu wake: mteja hueleza shida yake mwenyewe, naye huyaandika maneno hayo chini ya mchoro kama yalivyotoka mdomoni. Alipenda kusema kwamba vipimo vinamwambia ukubwa tu.

"Haya, sema mama."

"Mguu wa kulia mfupi. Nikisimama zamu nzima, kiuno kinawaka moto."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Ila hii miezi saba nimeishi kwa vidonge."

Muuguzi alipoondoka, fundi alikitundika kipande hicho kwenye msumari, juu ya vingine vingi vilivyopauka. Kamusi alivisogelea. *Natembea upande. Mguu mfupi, nataka kucheza kwenye harusi ya mwanangu. Sitaki watu wasikie nikija.* Alikuwa amevipangusa vumbi maisha yake yote, hakuwahi kuvisoma.

"Baba, mtandao haukusumbua."

Akafungua tovuti na kumpa simu. Baba alivaa miwani, akasoma kwa kidole, "visaidizi vya... ulinganifu..." Akakwama. "Hivi ni vitu gani?"

"Ni viatu vyako."

Baba alirudia kusoma. "Mimi mwenyewe nisingejipata humu," alisema. "Na wewe ulijua?"

"Tangu mwezi wa tatu. Kuna mahali panaonyesha waliofika. Nilikuwa mimi tu. Nilikwambia watu hawatafuti ili nisikwambie hilo."

Kamusi alingoja afokewe. Baba alichukua simu yake mezani, akapiga.

"Mwenzangu, Ijumaa usije. Kalibu nabaki nazo." Akasikiliza. "Hapana, hakuna aliyeniharibia. Nimekosea mimi tu, uniwie radhi."

Kamusi alitamani sakafu ifunguke.

Baba alivitungua vipande vyote kutoka kwenye msumari, akamwekea mapajani. "Nisomee kwa sauti. Kisha andika hivyo hivyo, usinirembee."

Alianza na cha muuguzi. Aliposema mguu mfupi alinong'ona, ikabidi arudie. Aliandika, akasoma kingine, akaandika, mpaka jua likahama mlangoni. Baba alirudi kwenye soli yake, akigonga taratibu, simu ikiwa imelala mezani, kioo juu.

"Endelea, mwanangu," alimwambia kila alipotua. Siku hiyo hakumwita tena Kamusi.