Bati Halipigiliwi Bondeni

Katika Dandora yote hakukuwa na mwanamke aliyejua mambo ya mabati kunishinda mimi. Haya, tuseme katika mtaa wetu. Basi, majirani wasije wakaniuliza, tuseme katika nyumba yetu, ambamo mwanamke mwingine alikuwa binti yangu Khavere, na Khavere alikuwa na miaka mitatu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili. Tulikuwa tumegawiwa kiwanja chenye choo na bomba, hayo mengine ujaze mwenyewe. Plasta ya ndani niliipiga mimi kwa mikono, vile nilivyomwona mama akisiriba ukuta wa udongo, na mpaka leo ukipitisha kiganja pale utakuta alama za vidole vyangu. Hakuna aliyenung'unika. Kusiriba ni kazi ya mwanamke. Lakini paa, hapana! Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda, wazee husema amemkalia mume wake kichwani, na lazima mbuzi achinjwe kutakasa nyumba. Mimi nilikuwa nimemkalia Gordon kichwani miaka sita tayari, na hakuna mbuzi aliyechinjwa.

Gordon, mume wangu, alikuwa gadi wa treni. Wiki mbili yuko njiani, siku tatu yuko nyumbani, na hizo tatu anazilala. Kwa hivyo paa liliezekwa na kaka yake mkubwa, Tobias, dereva wa ofisi fulani ya mjini, mtu aliyevaa tai hata siku ya kupiga misumari. Aliezeka kwa Jumamosi moja, akala kuku mzima, akatangaza kwamba paa hilo litakaa mpaka Yesu arudi.

Yesu hakurudi. Mvua ndiyo ilirudi, Aprili ya mwaka wa themanini na moja. Ikanyesha nje, ikanyesha na ndani. Nikatega sufuria juu ya kitanda, karai sebuleni, mkebe karibu na meza, na bado godoro likalowa mpaka ukilikalia linalia. Khavere akaanza kukohoa.

Nilimwendea Tobias mara tatu.

Mara ya kwanza akasema, "Bati jipya hutoa jasho, shemeji. Litaacha."

Mara ya pili akasema mvua ya mwaka huu inanyesha kwa upande.

Mara ya tatu akanitazama kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyepoteza kalamu. "Nyumba ikivuja, mke ajiulize roho yake iko vipi."

Nikajiuliza. Roho yangu ilikuwa kavu. Godoro ndilo lilikuwa limelowa.

Jumanne asubuhi mvua ikatulia, jua likatoka. Nikaenda kwa jirani yangu Kavutha, Mkamba wa Machakos, ambaye mume wake Mulwa alikuwa mchonga vinyago na alikuwa na ngazi nzuri.

"Unataka ngazi ya nini, Mama Khavere?"

"Nataka kupanda juu ya nyumba yangu."

"Si kwenu ni mwiko?"

"Ni mwiko. Na kwenu?"

Kavutha akafikiri. "Kwetu mwanamke akipanda juu, watu huuliza tu kama ameshuka salama."

"Basi nishikie ngazi kama Mkamba."

"Na ukianguka niseme nini?"

"Sema nilikuwa naanika dagaa wa omena."

Nikavaa suruali ya kaki ya Gordon, ile ya reli, na kofia yake, kwa sababu heshima ni heshima hata ukiwa unavunja mwiko. Nikapanda. Sitadanganya, niliogopa. Lakini nilipofika juu nikakaa, nikatazama, na nikasahau kuogopa kwa vile nilivyokasirika.

Bati lina migongo na mabonde. Hata mtu aliyeachia shule darasa la nne kama mimi anajua hivyo. Shule yetu ya misheni ilipoezekwa, sisi wasichana ndio tuliobeba misumari, na fundi alikuwa akipiga kelele kutwa: mgongoni, mgongoni! Msumari hukaa mgongoni na maji hupita bondeni. Sasa kaka mkubwa wa mume wangu, mwenye tai, alikuwa amepiga kila msumari bondeni. Kila mmoja! Bondeni ni rahisi, bati linalala juu ya mbao na nyundo haitelezi. Maji yote ya mbinguni yalikuwa yanateremka kwenye mabonde yale, yanafika kwenye msumari, yanaingia kwangu bila kubisha hodi.

"Umeona nini?" Kavutha akauliza kutoka chini.

"Nimeona jasho la bati!"

Nikaanza kazi. Kwa makucha ya nyundo niling'oa msumari mmoja mmoja. Lami nilikuwa nimewaomba vijana waliokuwa wakitengeneza barabara, nikaiyeyusha kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo juu ya jiko. Nilichovya vipande vya gunia humo, nikaziba kila tundu kwa kukandamiza na kijiti. Halafu msumari mpya mgongoni, na chini ya kichwa chake kipande cha duara nilichokata kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli ya Mulwa. Gharama yake ilikuwa misumari tu, na kucha zangu, ambazo zilibaki nyeusi hadi Pentekoste.

Saa sita hivi nikasikia sauti barabarani. "Gordon! Umerudi lini?"

Ni Tobias, anapita na gari la ofisi. Nikashusha kofia. Nikapunga mkono. Akapiga honi, akaenda zake. Mtu akikuita jina la mume wako nawe ukapunga mkono, hujasema uongo. Umesalimu tu.

Lami ikaisha nilipomaliza upande wa chumba cha kulala. Upande wa sebule sikuugusa. Wiki hiyo mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Sebuleni karai likajaa, lakini kitandani hakikuanguka hata chozi. Khavere akaacha kukohoa.

Ijumaa Gordon akarudi kutoka Voi, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa kaka yake.

"Jumanne nilikuona juu ya nyumba," Tobias akamwambia, "kofia mpaka puani."

"Jumanne?" Gordon akasema, maskini, hajui kudanganya hata kidogo. "Jumanne nilikuwa Mtito Andei."

Basi. Siku hiyohiyo nikaletewa hukumu kabla ya kesi. Tobias alisema paa limenajisika. Mabati yote yashushwe, moja moja, yapandishwe tena na mwanamume wa ukoo, yaani yeye, na mbuzi achinjwe. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa ameshakwenda soko la mbuzi la Kiamaiko kumkagua mbuzi meno. Ya mbuzi sikuyajali sana. Lakini Tobias kuezua paa langu katikati ya masika, halafu alipigilie tena vile anavyojua yeye, na mtoto wangu alale tena chini ya sufuria! Jumamosi asubuhi nikamwambia Gordon, "Mtu akigusa bati langu, atanikuta juu yake nimekaa."

"Mwombe tu msamaha, Mama Khavere, yaishe."

"Jana usiku, mvua ikinyesha, ulilala wapi?"

"Kitandani."

"Ulilowa?"

Gordon akajikuna shingo. "Sikulowa."

"Basi mimi siombi msamaha kwa mtu kulala pakavu."

Jumapili baada ya kanisa wakaja. Mzee Ochola, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa magharibi, alikaa kwenye kiti cha sebuleni karibu na karai. Alikuwa karani mstaafu, mtu wa kunywa chai polepole na kusikiliza kwa jicho moja limefumba. Tobias alisimama, tai imenyooka, akaeleza mwiko, akaeleza mababu, akaeleza aibu ya ukoo. Akamaliza kwa kuuliza, "Shemeji, unakana?"

"Nikane nini? Nilipanda. Tena nilivaa suruali."

Gordon akatazama viatu vyake. Kavutha, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu ya ngazi yake, akaziba mdomo kwa leso.

"Mmesikia!" Tobias akasema.

"Mwache amalize," akasema Mzee Ochola. "Mama, ulipanda kufuata nini?"

"Maji, mzee. Nilitaka kuona yanaingilia wapi. Nikakuta misumari yote imepigwa bondeni. Bondeni, pale maji yanapopita! Upande wa kulala nimeihamishia mgongoni, na ndiyo maana kitanda changu ni kikavu. Upande huu ulio juu yako sijaugusa."

Mzee Ochola akasogeza kiti chake kidogo kutoka kwenye karai.

Tobias akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mimi! Mimi nimeezeka nyumba sita! Mwanamke akikaa huko juu kizunguzungu kinamshika, atajuaje mgongo ni upi na bonde ni lipi?"

"Kama vile ninavyojua uso wako ni upi, shemeji, na kisogo ni kipi. Na leo vyote viwili vinatoka jasho."

"Gordon! Unasikia mke wako?"

"Nasikia," akasema Gordon. Halafu, na hapo ndipo nilipompenda upya, akaongeza, "Lakini kweli nimelala pakavu, kaka."

Mzee Ochola akafumbua jicho la pili. "Maneno ni mengi na paa ni moja. Sikilizeni. Kama misumari ya upande huu iko mgongoni kama fundi anavyosema, mama huyu atatoa mbuzi na mabati yatashuka. Kama iko bondeni, hakuna mbuzi, na hakuna mtu atakayeligusa paa hili tena isipokuwa mwenye nyumba huyu, avae suruali au asivae. Nani atapanda atuangalilie?"

Gordon akainuka, lakini Tobias alikuwa ameshafika mlangoni. "Nitapanda mimi! Mimi ndiye mkubwa." Akachukua nyundo yangu pale dirishani, kando ya misumari yangu iliyobaki.

"Nyundo ya nini?" nikauliza.

"Ya kujaribu kama imeshika."

Nikataka kusema neno. Mzee Ochola akaniinulia kidole, nikanyamaza, na mimi kunyamaza si jambo la kila siku. Tukasikia ngazi ikilia, kisha mabati yakilia.

"Yote iko mgongoni!" Tobias akapaza sauti kutoka juu. "Yote, mzee!"

"Angalia vizuri," akajibu Mzee Ochola. "Hatuna haraka."

Kukaja sauti ya kitu kinachong'olewa, *kiii*, kama panya aliyekanyagwa. Halafu nyundo, ta, ta, ta. Vumbi likaanguka ndani ya chai ya mzee.

"Unafanya nini huko, Tobias?"

"Najaribu tu, mzee! Imeshika kabisa!"

*Kiii*. Ta, ta, ta, kwa haraka kama mtu anayefukuza treni.

"Hujaongeza msumari?"

"Hata mmoja! Hii yote ni ile ya zamani, niliipiga mwenyewe mwaka jana!"

Na papo hapo, nusu kidole tu kutoka kwenye mbao aliyoikosa, juu kabisa ya kichwa cha Mzee Ochola, ncha ya msumari ikatoboa mgongo wa bati ikatuchungulia. Haikuwa na hata chembe ya kutu. Iling'aa kama jino la mtoto.

Sisi wote tukaitazama. Mzee Ochola akaweka kikombe chini, akapanda juu ya stuli taratibu kwa magoti yake ya uzee, akaishika ncha ile kwa vidole viwili.

"Tobias," akasema, kwa upole kabisa, mdomo wake karibu na bati. "Huu nilioushika hapa, nao ni wa mwaka jana?"

Juu, mabati yakaanza kulia polepole, kuelekea kwenye ngazi.